Shabiki kindakindaki na shabiki wa upepo: tawi liwatofautishe vipi?

Katibu_Isevya (Tabora)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa watu wanaojua uendeshaji wa matawi ya mashabiki.

Tawi jipya la timu ya nyumbani hapa Tabora lina majina mengi kwenye daftari, ila mahudhurio yanafuata matokeo. Timu ikishinda, kikao kinajaa mpaka watu wanakaa nje, jezi zinagombewa, na kila mtu ana hoja. Ikifungwa mara mbili mfululizo wanabaki walewale. Sasa uchaguzi wa viongozi unakaribia, na wengi wanaoomba nafasi, ya mweka hazina ikiwemo, ni watu walioingia timu ilipokuwa inafanya vizuri.

Ningependa kujua ni nini hasa kinachomfanya shabiki abaki timu ikiwa chini, na kama kuna kipimo kinachoweza kutumika kwa haki, maana maneno ya kijiweni hayatoshi. Halafu kuna hawa wenzetu ambao Simba au Yanga ikija uwanja wetu wa Ali Hassan Mwinyi wanavaa nyekundu au njano, na wiki inayofuata wanarudi upande wetu. Hao tuwaweke kundi gani? Wapo wanaotaka wafutwe uanachama.

Ticha_Gongoni (Tabora)

Katibu, swali hili watafiti wamelishughulikia kwa muda mrefu, na majibu yao yanatumika hata hapa kwetu.

Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti walioufanya katika vyuo vikuu saba, msimu wa 1973 wa mpira wa Kimarekani. Kila Jumatatu waliwahesabu wanafunzi waliovaa nguo zenye jina au nembo ya chuo chao. Timu ya chuo ikiwa imeshinda mwisho wa wiki, nguo hizo zilionekana kwa wingi zaidi kuliko timu ikiwa imefungwa. Kwenye sehemu nyingine ya utafiti waliwapigia wanafunzi simu na kuwaomba waeleze mechi ilikwendaje. Ushindi ulielezwa zaidi kwa "tumeshinda", na kipigo kwa "wamefungwa". Keti kibanda umiza chochote pale Kanyenye dakika kumi baada ya mechi, utayasikia yote mawili, wakati mwingine kutoka kinywa kimoja ndani ya wiki moja.

Ila hapo usihukumu mtu. Kujisogeza karibu na mshindi ni tabia ya binadamu wote, hata shabiki wa kweli anayo. Kinachotenganisha watu ni upande wa pili, yaani kujitenga na aliyeshindwa, jambo ambalo C. R. Snyder na wenzake walilipima mwaka 1986. Mwaka 1990 Daniel Wann na Nyla Branscombe wakauliza swali lako lenyewe: nani anajitenga na nani anabaki?  Walichokiona ni kwamba jambo la kutazama ni kiasi ambacho timu imekuwa sehemu ya jinsi mtu anavyojitambulisha. Yule ambaye majirani wanamjua kwa timu yake, watoto wake wanajua rangi yake, na rafiki zake wakuu amewapata huko huko, akiiacha timu anapoteza nusu ya maisha yake ya kila siku. Asiye na hayo akiondoka hapotezi kitu, na ndiyo maana anaondoka.

Kipimo kipo. Mwaka 1993 hao wawili walitoa dodoso la maswali saba, kila swali likijibiwa kwa alama 1 mpaka 8. Ushindi wa timu una umuhimu gani kwako? Unajiona shabiki kwa kiasi gani? Rafiki zako wanakuona shabiki kwa kiasi gani? Unaifuatilia timu kwa karibu kiasi gani, uwanjani, redioni au kwenye runinga? Kuwa shabiki wa timu hii kuna umuhimu gani kwako? Unawachukia wapinzani wakubwa kiasi gani? Na unaonyesha nembo au jina la timu mara ngapi, kazini, nyumbani au kwenye mavazi? Jumla ya chini ni 7, ya juu ni 56.

Watu wengi wanaoliiga dodoso hili wanaharibu kwa kuuliza jioni ya ushindi, na siku hiyo kila mtu ana 50. Uliza mara mbili: wiki moja kabla ya ligi kuanza, na Jumatano baada ya kipigo kizito. Kisha linganisha. Aliyekuwa na 50 akashuka hadi 30 ndiye wa upepo. Aliyekuwa na 38 akabaki na 38 ni wa kuaminika kuliko huyo, hata kama hana kelele wala jezi mpya. Swali la wapinzani litazame peke yake, maana mtu anaweza kujipa 8 kwa kuichukia Yanga au Simba tu, huku timu ya nyumbani haimuumizi hata kidogo.

Ushauri wangu mkubwa kwako, Katibu, ni wa kabla ya kupima: wape watu kazi. Anayepiga ngoma, anayebeba maji ya wachezaji wa timu ya vijana, anayeandika daftari, anayesimamia watoto wasipande uzio. Mtu mwenye jukumu anatafutwa asipofika, na kutafutwa huko kunamfunga na timu kwa nguvu kuliko jezi aliyopewa bure.

Dagaa_wa_Kibirizi (Kigoma)

Ticha amemaliza upande wa dodoso. Mimi nazungumzia daftari, maana dodoso ni maneno ya mtu mwenyewe na daftari linaandika alichokifanya.

Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo nyumbani mnacheza mechi 15. Toa mbili za Simba na Yanga, kwa sababu siku hizo uwanja unajaa watu wasiohusiana na tawi. Zinabaki 13. Kwenye daftari weka safu hizi: tarehe na saa ya mechi, mpinzani, matokeo ya mechi *iliyotangulia*, nani alilipa mchango kabla ya siku ya mechi, nani alifika kabla ya mpira kuanza, nani alikuwepo kipenga cha mwisho. Anayeingia dakika ya 60 baada ya kusikia redioni kwamba mnaongoza, muandikie hakufika.

Mwisho wa msimu gawa mechi hizo makundi matatu: zilizofuata ushindi, zilizofuata sare, zilizofuata kipigo. Mfano: mechi tano zilifuata kipigo na nne zilifuata ushindi. Mwanachama alikuja mara nne kati ya tano na mara nne kati ya nne. Huyo yupo imara. Mwingine alikuja mara moja kati ya tano, na nne kati ya nne. Hapo huhitaji mjadala. Sare ziache kando, zinachanganya hesabu bila kukwambia chochote.

Sasa sehemu ambayo matawi mengi yanakosea. Mtu anaweza kukosa mechi kwa sababu isiyohusiana kabisa na matokeo, na usipoiandika utamwita bendera fuata upepo bila haki. Huku kwetu mfano wa wazi ni wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inapumzika. Mechi ya saa kumi jioni inakwisha karibu saa kumi na mbili, muda ambao siku za giza wavuvi wanatakiwa wawe wameshaingia au wanaingia majini. Kwa hiyo kwenye daftari la Kigoma panatakiwa safu ya mwezi: giza au mbalamwezi. Ukiiweka utaona mvuvi uliyedhani ni wa upepo anakuja kila mechi ya mbalamwezi, timu ikiwa imeshinda au imefungwa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, mvuvi alikuwa na muda wote wa kuja ila mfukoni hana kitu, kwa hiyo mchango ukasimama huku mahudhurio yanaendelea. Ukitazama pesa peke yake utamfuta mtu wako bora.

Tabora nyinyi mna ya kwenu. Mvua za Novemba hadi Aprili zinawashika wakulima shambani, na mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua ana fedha soko likifunguliwa, miezi iliyotangulia hana. Watumishi nao wanajulikana kwa tarehe: wiki ya mwisho wa mwezi wapo, tarehe 18 hawapo. Mechi ya katikati ya wiki iandikwe hivyo. Kazi yote hiyo ni safu tatu za ziada, na inakuepusha kuwaita watu wasaliti bure.

Jambo la mwisho: *tarehe ya kujiunga* iwe safu ya kwanza kabisa, na pembeni yake andika timu ilikuwa nafasi ya ngapi siku hiyo. Msimu wa 2023/24 timu yenu ilianza Chamazi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu kwa matatizo ya usajili. Ikafungwa mabao manne, wachezaji wakapungua chini ya saba, na kwa sheria za mpira mchezo ukaishia hapo. Aliyejiandikisha tawini wiki ile anajulikana ni mtu wa aina gani bila hata kuulizwa maswali saba.

Bint_Ujiji (Kigoma)

Kaka Dagaa, hilo la tarehe ya kujiunga nalikubali kwa mikono miwili. Ila Katibu, kwenye suala la watu wa Simba na Yanga naomba twende taratibu, kwa sababu hapo ndipo matawi ya mikoani yanapoumizana bure.

Tazama historia. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936. Tabora ilikuwa na Rhino Rangers kwenye Ligi Kuu msimu wa 2013/14, ikashuka. Kigoma Mashujaa imepanda 2023 kupitia mchujo dhidi ya Mbeya City, na Kitayosce, ndiyo timu yenu kabla haijaitwa Tabora United, ikapanda mwaka huo huo. Maana yake mtu mzima wa Ujiji au wa Ng'ambo amekaa miaka mingi bila timu ya mji wake kwenye ligi. Amelelewa na redio, na redio ilimpa Simba au Yanga. Ana mapenzi ya miaka thelathini upande mmoja na ya misimu michache upande mwingine. Unataka siku moja aufute ule wa miaka thelathini? Akifanya hivyo haraka namna hiyo, mimi ndiye nitakayemtilia shaka, kwa sababu aliyeacha timu ya miaka thelathini kwa wepesi ataiacha na yako.

Kwa hiyo usimpime kwa mechi ya Simba au ya Yanga. Mpime kwa zile 13 alizozitaja kaka Dagaa. Huyu wa nyekundu anakuja mnapocheza na timu isiyo na jina kubwa, siku ya Jumanne, jua kali? Kama anakuja, ana timu mbili na zote anazitumikia. Shabiki wa upepo halisi ni mwingine: yule anayebadilika *ndani ya mechi moja*. Kipindi cha kwanza yupo jukwaa la wenyeji, mgeni akifunga mawili dakika ya 70 skafu inaingia mfukoni na mdomo unageuka. Huyo hana hata timu ya kwanza.

Mfano wa Kigoma. Aprili 9, 2024 Mashujaa iliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwa penalti hapa uwanja wa Lake Tanganyika. Siku ile mji mzima ulisema "tumewatoa". Kipimo kilikuwa mechi ya ligi iliyofuata. Kwenu ni hivyo hivyo: Novemba 7, 2024 Tabora United iliifunga Yanga 3-1 Chamazi, na orodha za matawi zikapata majina mapya usiku huo huo. Chukua majina hayo, tazama wangapi walikuwepo mechi ya nyumbani iliyofuata na wangapi walikuwepo baada ya kipigo cha kwanza kilichofuata. Hiyo ndiyo taarifa ya kuipeleka kwenye kikao cha uchaguzi.

Kanuni inayofaa tawini ni nyepesi. Mwanachama aruhusiwe kuwa na timu yake ya zamani. Siku timu hiyo inapocheza na ya nyumbani, akae atakapo, ila jezi ya tawi asiivae na ngoma ya tawi asiiguse. Kiongozi hana ruhusa hiyo: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kiongozi wa hamasa wawe jukwaa la wenyeji mechi zote 15, na wakubali hivyo kwa maandishi kabla ya kupigiwa kura.

Kuna kundi jingine mnalisahau, la walioondoka kwa sababu ya jina. Timu yenu imepanda ikiitwa Kitayosce, ikawa Tabora United, mwaka 2025 ikawa TRA United. Mtu aliyeshona bendera yenye neno Tabora na akaona neno limeondoka ana haki ya kuumia. Akikaa pembeni, sababu yake haina uhusiano na matokeo, kwa hiyo msimwandike kwenye kundi la upepo. Nendeni nyumbani kwake, mzungumze naye. Watu wa namna hiyo wanarudi wakisikilizwa, na wakirudi wanakaa, maana walichokipenda ni mji, na mji bado upo.

Kwa walio matawi ya Simba na Yanga wenyewe, miaka ya karibuni imewapa kipimo bila gharama. Simba ilichukua ubingwa misimu minne mfululizo kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, kisha Yanga nayo ikachukua minne kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Kila upande umeonja ukame wa urefu uleule. Fungua kitabu cha ada: mwana-Yanga aliyelipia kadi 2019, na mwana-Simba aliyelipia 2024. Msimu wa 2018/19 hali ya Yanga kifedha ilikuwa ngumu mpaka kocha Mwinyi Zahera akawa anahamasisha mashabiki wachangie. Aliyetoa kitu wakati ule, hata elfu moja, jina lake lina uzito kuliko wa aliyenunua jezi tatu 2023 timu ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Fundi_Simu_Cheyo (Tabora)

Hamjamgusa mtu wa mkeka, yaani wa kubeti. Anajaza kibanda umiza kila siku na anazijua timu zote, ila anashangilia tiketi yake. Ukitaka kumjua, msikilize timu ya nyumbani ikiongoza 1-0 dakika ya 85: shabiki anaomba mpira uishe, mtu wa mkeka aliyeweka "zaidi ya bao moja" anaomba lifungwe jingine upande wowote. Aje tu, kiingilio chake kinasaidia. Fedha za tawi asishike. Hili si tusi kwake, ni kumlinda: mchango wa watu ukiwa kwenye simu yake Jumamosi mchana na mikeka imefunguka, kishawishi ni kikubwa mno.

Katibu_Isevya (Tabora)

Nashukuru sana wote, hasa dada Bint_Ujiji, umetuepusha na ugomvi. Daftari linaanza mechi ijayo, na safu ya mvua na ya tumbaku zitakuwepo.

Yamebaki mawili. Tunataka safari ya Kigoma kwenda kucheza na Mashujaa, na kila safari inapopangwa watu wanaahidi, siku ya kuondoka gari halijai, wanaobaki wanalipa pengo. La pili ni hilo la mweka hazina. Mzee wa Stesheni, shikamoo, najua upo humu.

Mzee_wa_Stesheni (Tabora)

Marahaba, Katibu.

Safari ni kipimo kizuri kuliko dodoso na daftari vyote viwili, kwa sababu inakula fedha, muda na usingizi kwa pamoja. Tabora hadi Kigoma kwa barabara ya Urambo, Kaliua na Uvinza ni zaidi ya kilomita 400. Hakuna anayekaa kwenye Kosta mwendo huo kwenda na kurudi kwa sababu ya fasheni.

Kosa lenu ni hesabu ya kiti. Mnachukua gharama nzima mnagawanya kwa viti vyote, halafu akikosekana mmoja pengo limeshaingia. Tuseme Kosta ina viti 30, na gari, mafuta, posho ya dereva na kiingilio kwa jumla ni shilingi 1,200,000. Msigawanye kwa 30 mkapata 40,000. Gawanyeni kwa 24, iwe 50,000 kila mtu. Wakilipa 24, safari ipo bila deni. Wakilipa 30, kuna ziada ya 300,000, na hiyo inaingia mfuko wa tawi mbele ya wote, iandikwe siku hiyo hiyo. Wasipofika 24 hadi siku ya mwisho wa malipo, safari inafutwa na kila mtu anarudishiwa fedha yake jioni hiyo. Msikubali "tuondoke tu, tutakusanya njiani". Njiani hakuna anayekusanya chochote zaidi ya lawama.

Malipo yafungwe siku kumi kabla, na hapa ndipo kipimo kilipo. Siku kumi kabla, kuna mechi nyingine katikati ambayo matokeo yake hayajulikani. Aliyelipa kabla ya mechi hiyo ameamua kwenda timu ikiwa na hali yoyote. Anayekuja baada ya ushindi wa katikati akitaka kiti, apewe kikiwepo, ila kwenye daftari aandikwe "baada". Na anayelipa mapema kisha timu ikafungwa akaja kudai fedha yake, kanuni iwe imeshaandikwa kwenye risiti: harudishiwi, anaweza kumwachia mwingine kiti. Kuugua na msiba ni tofauti, hapo tawi linarudisha.

Gari mlikague siku mbili kabla, mchana. Matairi yote pamoja na la akiba, jeki, breki, taa za mbele. Hakikisheni lina leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) inayoliruhusu safari hiyo, na mkataba wa maandishi wenye saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na nani analipa likiharibika njiani. Mwenye gari apewe nusu mwanzo na nusu mkisharudi Tabora salama. Ukimlipa yote kabla, likipata pancha Uvinza usiku mtalala na dereva asiye na haraka. Kwa wasiotaka barabara, treni ya reli ya kati ipo, lakini ratiba yake ilinganisheni kwanza na saa ya mechi, msije mkafika mpira umekwisha.

Mweka hazina sasa. Msimtafute anayeipenda timu kuliko wote. Mapenzi makubwa yana hatari yake: huyu ndiye anayetoa fedha ya tawi kumsaidia mchezaji aliyekwama bila kumuuliza mtu, na nia yake ni safi kabisa. Mtafuteni mtulivu, mwenye kazi inayojulikana, ambaye daftari linaonyesha amelipa mchango wake kwa wakati miezi ile timu ilipofungwa. Fedha ikae kwenye akaunti ya kikundi inayodai idhini ya watu watatu kabla haijatoka, na hao watatu wasiwe ndugu wala wa kijiwe kimoja. Kila mwezi taarifa ibandikwe ukutani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hata mwezi ambao hakuna kilichoingia, ibandikwe hivyo hivyo ikiwa na sifuri. Watu wengi mnaowaita wa upepo waliondoka kwa sababu hawakuona fedha yao imekwenda wapi, na kipigo kikawapa tu siku ya kuondokea.

Bint_Ujiji (Kigoma)

Mzee, hilo la mwisho ni kweli tupu. Katibu, mkifika huku mtuarifu mapema, jukwaa la wageni Lake Tanganyika lipangwe, na watu wa kuwapokea Mwanga watapatikana.

Nyongeza kwa wanaotaka watu wa upepo wafukuzwe: msifanye hivyo. Kiingilio chao ni fedha kamili, sauti yao mechi ya ushindi inawatisha wageni, na katika kumi kati yao wapo wawili au watatu watakaobaki mkiwapa kazi kama alivyosema Ticha. Tengenezeni daraja mbili za kadi. Ya kwanza ni ya shabiki: analipa kidogo, anapata nafasi jukwaani, hapigi kura. Ya pili ni ya mwanachama, anaipata akishatimiza msimu mmoja mzima kwenye daftari, na hiyo ndiyo yenye kura. Hakuna anayetukanwa, hakuna anayefutwa, na mlango wa kupanda uko wazi kwa wote.

Ticha_Gongoni (Tabora)

Naunga mkono kadi mbili. Kwenye tarehe ya uchaguzi naomba muwe makini, maana hapo ndipo kazi yote hii inaweza kupotea. Msiitishe mara baada ya ushindi mkubwa: ukumbi utajaa wapiga kura wa siku moja, na mwenye maneno matamu ndiye atakayechukua. Msiitishe pia usiku wa kipigo, watu wakiwa na hasira wanatafuta wa kumtoa kafara. Katikati ya wiki isiyo na mechi ndiyo siku nzuri, saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wametoka kazini. Orodha ya wapiga kura ifungwe wiki tatu kabla na ibandikwe ukutani pamoja na safu za daftari. Fomu za wagombea zirudishwe Ijumaa, mechi ikiwa Jumamosi, na asiyerudisha Ijumaa asipokelewe Jumatatu.